Siku Moja Katika Hame la Izimbya

Ukitoka Bukoba mjini kwenda Izimbya, njia hupanda na kushuka, na kila unapofika juu ya kilima unaona jambo lile lile: visiwa vya migomba katikati ya nyasi. Nyasi hizo Wahaya huziita rweya, na kila kisiwa cha migomba ni kijiji cha watu. Mgeni anaweza kupita asione nyumba hata moja, kwa kuwa nyumba zimo ndani ya migomba kama vifaranga chini ya mbawa za mama yao.

Tulikuwa wanawake wanne, pamoja na binti wa miaka 11 wa mmoja wetu. Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Desemba, shule zimefungwa, mvua zinanyesha na senene wameanza kuanguka. Hatukwenda kutembea. Mwenzetu huyo mwenye binti alikuwa amepigiwa simu usiku na jirani wa nyumbani kwao, akaambiwa kwamba vijana wenye mashine ya kutafutia mali ardhini watafika kesho katika kibanja cha marehemu wazazi wake, na kwamba baba yake mdogo amewaruhusu. Yeye ameolewa mbali. Hakutaka kwenda peke yake, nasi hatukuona vema aende peke yake.

Ndani ya basi dogo mwenzetu hakusema sana. Alikuwa na kapu lenye mkate, sukari na kitenge cha kumpelekea mke wa baba mdogo, maana huwezi kwenda kugombana na wakubwa wako mikono mitupu.

Baba mdogo alitupokea kwa heshima zote. Tulikalishwa, tukaletewa senene wa kukaanga na chai ya tangawizi, tukaulizwa habari za waume na watoto mmoja mmoja. Hakuna aliyetaja mashine. Ndivyo ilivyo katika Buhaya, na tunafikiri ni jambo jema, kwa sababu mtu aliyekwisha kuonja chai ya mwenzake hupata taabu kidogo kumtukana. Ndipo mzee aliposema, “Twendeni basi, vijana wamekwisha kufika.”

Kibanja chenyewe kilikuwa mwendo wa dakika kumi. Msomaji ambaye hakulelewa kwa Wahaya aelewe kwamba kibanja si shamba tu. Ni nyumba, migomba inayoizunguka, mibuni iliyopandwa na babu, maharage chini yake, na makaburi. Wafu huzikwa hapo hapo walipoishi, na anayerithi kibanja hurithi pia kazi ya kuyatunza makaburi yao. Ndiyo sababu neno la kuuza kibanja cha ukoo huwafanya watu wainuke kwenye viti.

Kile tulichokiona kilikuwa kimekwisha kuwa hame. Nyumba haikuwapo, mahali pake palikuwa na mwinuko wa udongo wenye majani, na jiwe moja la kizingiti. Migomba ilikuwa imesongana bila kupunguzwa, mingine imelala. Mibuni ilikuwa mirefu kama miti ya kuni. Pembeni palikuwa na makaburi mawili yaliyojengewa saruji, na nyuma yake vimo vidogo vya udongo visivyo na alama, ambavyo mwenzetu alituonyesha kwa kidole: huyu babu, huyu bibi, huyu shangazi, na huyu mtoto aliyekufa kabla hajapewa jina.

Mahame ya namna hii ni mengi mkoani Kagera, na akina mama wa rika letu wanajua yalikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini Tanzania walikuwa watatu, mwaka 1983, na walikuwa wa mkoa huu. Katika miaka iliyofuata kulikuwa na nyumba ambazo baba alizikwa Machi na mama Agosti, watoto wakagawanywa kwa shangazi na wajomba, mmoja Mwanza, mmoja Karagwe, mmoja Dar es Salaam. Mama wa mwenzetu alifariki mwaka 1991 na baba yake mwaka uliofuata. Yeye alikuwa na miaka tisa. Alichukuliwa na shangazi yake akiwa amevaa gauni aliloshonewa na mama yake, kwani mama huyo alikuwa fundi cherehani na alishonea nusu ya wanawake wa kijiji. Kaka mkubwa, ambaye ndiye mrithi, aliondoka kutafuta kazi na hajarudi kukaa. Migomba isiyo na mwenyewe haingoji.

Sasa, kwa nini mtu aje na mashine mahali kama hapa?

Karibu kila mkoa wa Tanzania una hadithi ya mali ya Mjerumani. Husemwa kwamba Wajerumani waliposhindwa katika vita ya kwanza ya dunia walifukia masanduku ya dhahabu, wakapanda mti juu yake au wakaacha alama kwenye jiwe, wakitumaini kurudi. Hapa kwetu hadithi hiyo ina mahali pa kushikia. Bukoba ilikuwa boma la Wajerumani, na tarehe 22 na 23 Juni, 1915, Waingereza waliivuka Ziwa Viktoria kutoka Kisumu wakaushambulia mji, wakabomoa mnara wa simu ya upepo, na askari wao wakapora mji kabla ya kurudi walikotoka. Tena ni kweli kwamba Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu katika nchi hii. Mwaka 1916, meli za fedha zikiwa haziwezi kufika kutoka Ulaya, walizipiga Tabora, katika karakana ya reli: sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Mtu akisikia hayo mawili, huyaunganisha mwenyewe.

Lakini fikirini, akina mama. Jeshi lililokuwa halina fedha hata likalazimika kupiga sarafu katika karakana ya reli, lilikuwa na masanduku mangapi ya kuacha chini ya migomba ya mtu Izimbya? Tuliuliza swali hilo kwa sauti. Mkubwa wa vijana wale akatabasamu kama mtu aliyeulizwa mara nyingi, akasema, “Mama, mashine haidanganyi.”

Vijana walikuwa watatu, wenye adabu, wamevaa mabuti ya mpira. Walitueleza kwamba walijifunza kazi hiyo kwenye machimbo ya dhahabu. Mashine yenyewe, ambayo wao huiita ditekta, ni fimbo yenye sahani ya duara chini na kisanduku juu, pamoja na vyombo vya kuvaa masikioni. Sahani hiyo ina waya uliozungushwa, na umeme wa betri unapopita humo hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na chuma, shaba, fedha au dhahabu, kitu hicho huijibu, na mashine hulia. Haioni kitu. Husikia tu kwamba kuna jambo. Sarafu ndogo huisikia ikiwa imelala kama urefu wa kiganja na nusu hivi. Kitu kikubwa huisikia chini zaidi. Hata hivyo haiwezi kusema kwa hakika kwamba hili ni dhahabu na hili ni karatasi ya bati ya sigara.

Tena udongo wetu una mawe mekundu yenye chuma ndani yake, yale yale yanayovunja majembe. Juu ya mawe hayo mashine hulia bure.

Ililia mara ya kwanza karibu na kile kizingiti. Na hapa lazima tuseme kweli: sisi wote wanne tulikimbia. Tulikuwa tumekuja kuzuia, na mwalimu mstaafu aliye kati yetu alikuwa ameandaa hotuba njiani, lakini sauti ile iliposikika tuliinua khanga zetu tukakimbia kama watoto waliosikia kengele ya aiskrimu. Kijana akachimba. Tukashika pumzi. Akatoa kizibo cha soda.

Kisha vikaja misumari ya bati, mingi sana. Betri kuukuu la tochi. Mpini wa sufuria. Sarafu moja ya senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati, iliyotumika enzi za Mwingereza; kijana aliitazama, akaitupa pembeni, na binti wa mwenzetu akaiokota. Na kila mahali upande wa chini wa kibanja mashine ililia bila kukoma, na kila walipochimba walitoa vibonge vyeusi, vizito, vyenye matundu kama mkate ulioungua.

“Takataka,” alisema kijana.

Baba mdogo akakiokota kibonge kimoja, akakipangusa kwa kidole gumba. “Haya ni mavi ya chuma,” alisema. “Wazee waliyeyushia chuma hapa. Babu yangu aliniambia, nami sikuweza kuamini, kwa sababu mimi majembe nimeyaona dukani tu.”

Kwetu sisi hii ndiyo ilikuwa mali ya siku ile, ingawa hakuna mtu angetoa hata shilingi mia kwa ajili yake. Wahaya walikuwa mafundi wa chuma zamani mno. Upande wa Maruku, karibu na Bukoba mjini, kuna kijiji kinachoitwa Katuruka, palipokuwa na makao ya mfalme Rugomora Mahe katika karne ya 17. Wazee wa hapo walisimulia kwamba chini ya mti mmoja mkubwa uitwao Kaiija chuma kilifuliwa tangu kale, na jina lenyewe la mti linahusu kazi hiyo. Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, aliyekuja kufanya kazi Buhaya kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, aliwasikiliza wazee hao, akachimba walipomwonyesha. Alikuta mashimo ya kazi ya chuma, na makaa yake yalipopimwa umri yakaonekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Hadithi ya wazee ilikuwa imeshika jambo la kale kiasi hicho, bila kitabu.

Mwaka 1976 wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walikubali kuijenga tena tanuri, kazi ambayo walikuwa wameiacha kwa karibu miaka 50 tangu majembe ya Ulaya yalipojaa madukani. Waliijenga kwa udongo wa kichuguu na vibonge vya mavi ya chuma ya zamani. Shimo la chini walilijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakaweka mirija ya udongo ya kupitishia upepo, wakavukuta kwa viriba, na chuma kikatoka. Habari zake zilichapishwa mwaka 1978 katika jarida kubwa la sayansi la Marekani. Wanawake hawakuruhusiwa kukaribia tanuri ikifanya kazi, nayo tanuri ilihesabiwa kama tumbo la mama linalozaa. Tulicheka tuliposikia hayo. Mwili wetu uliwapa mfano wa kazi, na sisi wenyewe tulifukuzwa!

Lakini angalieni tofauti. Mtaalamu alichimba polepole, akaandika kila kitu kilikuwa wapi, kina gani, karibu na nini. Makaa yale yalikuwa na maana kwa sababu yalikuwa ndani ya shimo lile, chini ya mti ule unaosimuliwa hivi. Yangetupwa juu kwa sepetu na kuchanganyika na vizibo vya soda, yangekuwa makaa tu. Baada ya saa mbili za ditekta, upande wa chini wa kibanja ulikuwa na mashimo 17, tuliyahesabu, na mavi ya chuma yametapakaa. Kama palikuwa na tanuri hapo, sasa hakuna wa kujua ilisimamaje.

Mwalimu wetu akapata nafasi ya hotuba yake, akaitoa kwa upole kuliko tulivyotegemea. Alieleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, kwamba kuchimba kwa kuvitafuta kunahitaji kibali cha serikali, na kwamba anayevikuta kwa bahati anapaswa kutoa taarifa kwa serikali. Vijana wakasema wao hawatafuti vya Wahaya, wanatafuta vya Mjerumani. Mwalimu akawauliza kama mashine inajua tofauti. Hawakujibu.

Wakati huo watoto wa jirani walikuwa wamejaa kutazama, na hapa tunaomba akina mama mtusikilize kuliko mahali pengine pote katika habari hii. Mvulana mmoja, yapata miaka kumi, alikuja na kopo la rangi akaanza kukusanya misumari iliyotupwa. Tulimwuliza ni ya nini. Akasema huja mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye baiskeli na mizani, hulipa kwa kilo. Akatuonyesha kopo lote kwa fahari: nati, kipande cha mnyororo, bawaba, na vyuma viwili vitatu ambavyo hakuna kati yetu aliyeweza kusema ni vya nini.

Mwenzetu mmoja, ambaye ameolewa upande wa Ngara, alibadilika uso. Tarehe 8 Novemba, 2017, katika shule ya msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la mkono lililipuka kati ya wanafunzi. Watoto watano walikufa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Taarifa za wakati ule zilisema mtoto mmoja alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Mkoa wetu umepitiwa na vita. Ile ya mwaka 1978 na 1979 ilianzia kaskazini ya mto Kagera, majeshi ya Idi Amin yalipoingia na daraja la Kyaka likavunjwa. Izimbya ni mbali na huko, lakini chuma hutembea ndani ya makopo ya watoto na juu ya baiskeli za wanunuzi.

Kwa hiyo waambieni watoto, na waambieni kabla hawajaokota. Chuma wasichokifahamu wasikiguse, wasikitupie jiwe, wasikitie motoni na wasikilete nyumbani kumwonyesha mama. Waache kilipo, waweke alama mbali kidogo, wamwite mtu mzima, naye apeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi. Na sisi wenyewe tutazame ndani ya makopo yao. Yule mvulana tulimwaga kopo lake chini tukapekua kipande kimoja kimoja. Hapakuwa na la kutisha, ashukuriwe Mungu. Mama yake, aliyeitwa kutoka shambani, alisema hakujua hata kama mwanawe alikuwa na biashara.

Ilipokaribia saa saba mashine ilifika makaburini.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Haikulia kama juu ya misumari, bali kwa sauti nene isiyokatika, kando ya kaburi la saruji la baba wa mwenzetu. Kijana mkubwa akavua vile vyombo vya masikioni, akamwita baba mdogo kando. Akasema sanduku lipo, tena kubwa, liko chini ya mahali hapa, na Wajerumani walikuwa na desturi ya kuficha mahali ambapo watu wangeogopa kuchimba. Kaburi litasogezwa kidogo tu. Itahitajika mbuzi mweusi, na fedha nyingine ya dawa ya kuituliza mali isikimbie.

Hilo neno “nyingine” tulilishika wote kwa pamoja. Hapo ndipo tulipojua kwamba mzee alikuwa amekwisha kuwapa shilingi 150,000 za kahawa kama ada ya kupima.

Mwenzetu akaenda akasimama kati ya mashine na kaburi. Hakupiga kelele. Alisema, “Baba, nakuomba. Hapa hapachimbwi.”

Mzee hakumtazama. Akasema maneno ambayo wengi wetu tumeyasikia katika koo zetu: kwamba mtoto wa kike hana neno katika kibanja, kwamba yeye ni wa kwa mumewe, na kwamba mrithi ni kaka yake.

Msomaji, maneno hayo yana historia katika mkoa huu huu. Mwanamke mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda mahakamani kupinga kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila inayompa mwanamume haki hiyo na kumnyima mwanamke ni kinyume cha katiba ya nchi. Baadaye sheria za ardhi za mwaka 1999 ziliandika wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Tulikuwa tayari kuyasema hayo yote. Mwalimu alikwisha kufungua kinywa.

Lakini mwenzetu hakuitumia sheria. Alipiga simu kwa kaka yake, akamweleza kwa maneno machache, akampa baba mdogo simu. Hatukusikia upande wa pili. Mzee alisema “ndiyo” mara nne, na “waitu” mara moja, kisha akairudisha. Akabaki ameinamisha kichwa akitazama saruji ya kaburi. Tuliona aibu kumtazama, kwa sababu ni mtu mzima, naye ndiye aliyewazika hao wawili wakati ndugu wengine waliogopa hata kugusa shuka zao. Mwaka ule yeye alibeba.

Kisha akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe: “Mashine hii hulia kwa nondo?”

Kijana akasema inategemea.

“Kaburi hili nimelijenga mimi, mwaka 1996. Nondo za humo nilizinunua mimi, Bukoba mjini, nikazibeba juu ya basi. Vipande sita.” Akamgeukia kijana. “Ipeleke kwenye kaburi la pili.”

Kaburi la pili ni la mama. Mashine ikalia kwa sauti ile ile nene. Akaipeleka kwenye kaburi la babu, lile la udongo lisilo na alama. Kimya.

Hakuna aliyecheka wakati ule. Tulicheka njiani, tena sana, hadi dereva akageuka kutazama. Vijana walikunja vitu vyao bila kubishana, na ile 150,000 hawakuirudisha. Walisema kupima wamepima. Mwalimu alitaka jambo lifikishwe polisi, na mwenyekiti wa kijiji, aliyefika akiwa amechelewa, aliandika majina yao katika daftari. Kama fedha hiyo itapatikana hatujui. Mke wa baba mdogo, ambaye naye alikuwa hajui kwamba fedha za kahawa zimekwenda, alisikia habari hiyo akiwa na kitenge chetu mkononi. Tuliona vema kutokaa hadi jioni.

Kabla ya kuondoka tulifukia mashimo, wote, hata mzee na watoto. Mavi ya chuma tuliyarundika upande ule ule yalikotoka. Baba mdogo akasema atawaambia watu wasiyatumie kujazia barabara, na kwamba kama kuna mtaalamu anayejua mambo hayo aje, yeye atamwonyesha babu yake alichomwonyesha. Kuna watu wa Katuruka ambao wamekwisha kufanya hivyo kwa kijiji chao, wakapaanda upya mahali pa kale pa Rugomora ili wageni na watoto wa shule wapaone, na mwalimu ameahidi kuwatafuta.

Katika kufukia, kwenye shimo la karibu na kizingiti, binti wa mwenzetu aliokota kitu kidogo kilichojaa kutu na udongo, cha duara, kiasi cha kuingia kwenye kiganja. Kijana wa mashine alikuwa amekitoa asubuhi akakitupa pamoja na misumari. Mtoto alidhani ni sarafu nyingine. Mama yake alikipokea, akakisugua kwa ncha ya khanga, akakitemea mate, akasugua tena.

Wanawake wanaoshona wangekitambua mara moja, na mmoja wetu hushona. Kilikuwa kile kikombe cha chuma kinachoshika bobini chini ya cherehani. Cherehani yenyewe iliuzwa mwaka 1992 kulipia mazishi.

Mwenzetu alikaa juu ya jiwe la kizingiti akikigeuza geuza. Binti akamwuliza kilikuwa cha nani, naye akamwambia, “Cha bibi yako,” kisha akaanza kumweleza jinsi alivyokuwa akikaa chini ya meza ya cherehani akiwa mdogo, akiokota vipande vya vitambaa, na jinsi mguu wa bibi ulivyokuwa ukienda juu na chini karibu na sikio lake. Tulikuwa tumemfahamu mwenzetu huyu miaka mingi, na hatukuwahi kumsikia akimtaja mama yake.

Basi lilikuja tukiwa bado barabarani tunapakia senene ambao mke wa baba mdogo, pamoja na yote yaliyompata siku ile, alikuwa ametufungia katika majani ya mgomba. Mtoto alikaa dirishani na senti yake yenye tundu. Kile kikombe cha bobini kilikuwa katika kapu, ndani ya kitambaa cha mkate, na kabla hatujafika Bukoba yule anayeshona alikwisha kuulizwa kama mafuta ya taa yanatoa kutu, na kama kinaweza kuingia katika cherehani za siku hizi.

Akasema tutajaribu.